Jina Lililotoka Newala

Ukisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, ardhi inakatika ghafla miguuni pako. Chini, mamia ya mita, limelala bonde la Ruvuma, na ndani ya bonde mto unaonekana kama mstari mwembamba unaoelekea mashariki kwenda kumwagika baharini. Ng'ambo ni Msumbiji, ambako uwanda mwingine, wa Mueda, unakaliwa na Wamakonde, ndugu wa hawa wa huku. Maji yako mbele ya macho, ila mtungi haujai kwa kutazama.

Uwanda wa Makonde ni wa mchanga. Mvua inaponyesha, maji huzama ardhini bila kukawia, na huko juu hapana mto wa kuchota. Kwa vizazi vingi kupata maji kulikuwa kazi ya wanawake kushuka mtelemko hadi chemchemi za kando ya bonde, kisha kupanda tena na mtungi kichwani. Kwa nini watu wajenge mbali na maji kiasi hicho? Karl Weule, mtafiti wa mila kutoka Leipzig, alipokaa Newala mwaka 1906 alisimuliwa ngano ya asili ya kabila, na ndani yake mlikuwa na jibu. Mtu wa kwanza alitoka kwenye kichaka cha Mahuta. Alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke hai. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, na wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu Mahuta, wa tatu akaishi. Ndipo mzee yule akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mwendo wa saa moja au zaidi kutoka mahali pa kuteka maji.

Wosia huo una hekima ambayo daktari wa leo hawezi kuibeza, kwani mabondeni na kwenye madimbwi ndiko mbu wa malaria wanakozaliana. Lakini asiyekaa kando ya maji hana budi kuyaleta maji nyumbani, na maji yaliyobebwa kichwani saa nzima hayamwagwi ovyo. Mtungi huwekwa ndani, kivulini, na ya leo huongezwa juu ya mabaki ya jana. Wosia ulimkataza mtu kulala karibu na mto. Haukusema lolote juu ya mtungi.

Mwaka wa kukunjika

Mwaka 1952 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na Jimbo la Kusini lilikuwa linauguza majeraha ya mradi wa serikali wa kilimo cha karanga, uliokufa mwaka mmoja kabla na kuacha nyuma yake reli ya kuelekea Nachingwea na bandari ya Mtwara ambayo ujenzi wake ulikuwa bado haujakamilika. Juu ya uwanda, katika wilaya za Newala na Masasi, ukazuka ugonjwa uliowashangaza hata watu waliozoea homa.

Homa ilimkamata mtu ghafla. Aliyetoka asubuhi kwenda shamba akiwa mzima aliweza kurudi akikokotwa. Joto lilipanda, kichwa kikauma, lakini kilichomtofautisha mgonjwa huyu na wa malaria ni viungo. Vifundo vya miguu, magoti, viwiko, viganja na vidole viliuma kiasi kwamba mtu hakuweza kunyooka. Alilala amejikunja, na alipolazimika kutembea alitembea amepinda. Siku chache baadaye vipele vilitokea mwilini, homa ikashuka, na mgonjwa akadhani amepona. Maumivu ya viungo yalibaki wiki nyingi, kwa wengine miezi.

Waliouguza ndio waliotoa jina. Katika Kimakonde kuna kitenzi kungunyala, chenye maana ya kukauka na kujikunja. Mbele yake ikawekwa chi-, ambayo katika Kimakonde hufanya kazi inayofanywa na ki- katika Kiswahili, na jina likawa chikungunya: kile kinachomkunja mtu. Vitabu vingi vya ughaibuni huandika kwamba neno hili ni la Kiswahili. Si la Kiswahili, ni la Kimakonde, na inafaa lirudishwe kwa wenyewe.

Inafaa pia tulitazame jina hilo kwa utulivu, maana si la kawaida. Maradhi mengi ya virusi yaliyotambuliwa upande huu wa Afrika yamepewa majina ya mahali: Zika ni msitu karibu na Entebbe, West Nile ni wilaya ya kaskazini mwa Uganda, Ebola ni mto wa Kongo. Mahali hapamwambii daktari lolote kuhusu mgonjwa. Chikungunya inamwambia, kwa sababu ndani ya jina hilo dalili kuu imekwisha kutajwa na watu waliokuwa wakiiishi. Tutalirudia jambo hili, kwa kuwa miaka zaidi ya 50 baadaye lilikuja kuwa na uzito mahali ambapo hakuna mtu wa Newala ambaye angepatarajia, yaani nyuma ya mboni ya jicho.

Watatu waliouandika ugonjwa

Habari za mlipuko wa Newala zilifika kwenye majarida ya kitabibu kwa mikono ya watu watatu, na kila mmoja alishika upande wake.

Dkt. Marion Robinson aliandika juu ya wagonjwa. Makala yake, iliyochapwa mwaka 1955 katika jarida la chama cha kifalme cha tiba ya nchi za joto cha Uingereza, ilieleza homa ya ghafla, viungo na vipele. Robinson aliona kwamba kwa dalili peke yake ugonjwa huu haungeweza kutofautishwa na dengue. Ni yeye pia aliyelinukuu jina lililotumiwa na wenyeji, na kwa hilo akaliokoa lisipotee.

W. H. R. Lumsden, mwanasayansi aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliandika juu ya mazingira. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation kuchunguza homa ya manjano, na watu wake walikuwa na mazoea ya kumtafuta mbu kabla ya kumlaumu mtu. Lumsden alipofika kwenye uwanda usio na madimbwi, mbu walikuwamo nyumbani. Katika vyombo vya kuhifadhia maji alikutana na viluwiluwi vya Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na ambaye chandarua cha usiku hakimzuii. Jike la mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Chombo kikijazwa tena, maji yanayafikia na yanaanguliwa. Kwa mbu wa aina hii, nyumba ya Mmakonde mwenye kuthamini kila tone ilikuwa kitalu kilichotunzwa vizuri.

Wa tatu ni R. W. Ross, naye wa Entebbe. Alichukua damu ya wagonjwa na mbu waliokamatwa, akaingiza sampuli kwenye ubongo wa panya wachanga wa maabara, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, akaona panya wakiugua. Makala yake ya mwaka 1956 ndiyo iliyothibitisha kwamba nyuma ya homa ya Newala kulikuwa na kirusi ambacho maabara hazikuwa zimekitenga kabla. Hadi leo nasaba mojawapo ya kirusi hicho inayotunzwa katika maabara za dunia inaitwa Ross.

Miaka 3 baadaye, mwaka 1959, ndugu wa kirusi hicho alijitokeza kaskazini mwa Uganda. Huyo alienezwa na mbu wa malaria, na Waacholi nao wakampa jina linalotaja viungo kuvunjika: o'nyong-nyong. Kabla mlipuko huo haujaisha, watu wapatao milioni 2 walikuwa wameugua.

Kidinga pepo

Je, ugonjwa wa 1952 ulikuwa mpya kweli? Pwani ilikuwa na kumbukumbu yake. Mwaka 1870 daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, alishuhudia homa iliyowaangusha watu wa mji mzima, wenye nacho na wasio nacho. Wenyeji waliiita kidinga pepo. Wazee walimweleza kwamba si mara ya kwanza, kwani walikumbuka homa kama hiyo iliyopita visiwani mwaka 1823 hivi. Christie aliandika habari hizo, na wapo wanaoamini kwamba neno dengue lenyewe lilizaliwa kutokana na neno hilo la Unguja. Kiswahili cha leo bado kinaihifadhi sauti yake katika kidingapopo, jina la homa ya dengue.

Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizipitia upya habari hizo za kale, akatoa hoja iliyogeuza meza. Maumivu ya viungo yaliyodumu kwa muda mrefu, alisema, yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Kama alikuwa sahihi, ugonjwa wa Newala ulikuwa umepita pwani hii zaidi ya karne moja kabla ya Ross kufungua kitabu chake cha maabara, ila ulipita ukiitwa jina la jirani.

Kwa miaka 50 baada ya Newala, chikungunya ilionekana hapa na pale barani Afrika na Asia bila kuitisha dunia. Kisha mwaka 2004 ikatokea Lamu, na ilivyoingia inamkumbusha mtu Newala. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Watu waliweka maji ndani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na vyombo havikukauka wala kusuguliwa. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa, watu kama 13,500. Wengi hudhani maradhi ya mbu ni ya masika. Lamu na Newala zinasema kwamba kiangazi nacho kina mbu wake, na mbu huyo anakaa ndani pamoja nasi.

Kutoka Lamu kirusi kilifika Mombasa, kisha Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Kisiwani humo kirusi kilipata badiliko dogo katika ganda lake lililokiwezesha kuishi vizuri zaidi ndani ya mbu wa jamii nyingine, Aedes albopictus. Mwaka 2006 India iliandika zaidi ya wagonjwa milioni 1.3 walioshukiwa. Na ni India, katika hospitali za macho za kusini, ndiko sura ambayo Newala haikuiandika ilikofunguliwa.

Mpaka kwenye retina

Jicho lina matabaka. Nje kuna konea, kioo cha mbele. Ndani ya ukuta wake kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu, linaloitwa yuvea. Na sehemu ya nyuma, kama karatasi iliyobandikwa ukutani, kuna retina, utando wa neva unaopokea mwanga na kuutuma kwenye ubongo. Mwili unapopambana na adui ndani ya matabaka hayo, au unapokosea na kujishambulia wenyewe, sehemu hiyo huvimba. Uvimbe huu si jipu wala saratani. Ni vita ya askari wa mwili, na tatizo lake ni kwamba uwanja wa vita ni mwembamba mno. Goti likivimba, linauma kisha linapoa. Katikati ya retina ikivimba, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kusoma, wa kushona, wa kumtambua anayemsalimu.

Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya Aravind ya Madurai waliripoti wagonjwa waliopata matatizo ya macho wakati wa mlipuko au baada yake. Mwaka 2008 daktari Padmamalini Mahendradas na wenzake wa Bangalore walichapisha habari za wagonjwa 9. Mmoja alikuwa na uvimbe juu ya weupe wa jicho, 5 walikuwa na uvimbe wa yuvea ya mbele, na 3 walikuwa na uvimbe wa retina yenyewe. Ripoti nyingine za miaka hiyo zilieleza uvimbe wa mshipa wa fahamu wa jicho. Baadaye chembe za urithi za kirusi zilipatikana hata katika maji ya ndani ya jicho.

Wagonjwa wa retina walikuwa na fumbo lao. Wengi hawakuja na homa. Homa ilikwisha wiki kadhaa nyuma, viungo vilikuwa vinaanza kuachia, ndipo ukungu ukaingia machoni, au doa jeusi likakaa katikati ya kila walichokitazama. Jicho halikuuma sana na kwa nje halikuwa na dalili kubwa. Kwa mgonjwa, homa ile na ukungu huu yalikuwa mambo mawili yasiyojuana.

Hapo ndipo tunapoweza kuelewa kwa nini maelezo ya 1955 hayakufika kwenye retina. Sababu haikuwa ukosefu wa kifaa, kwa maana kioo cha kutazamia ndani ya jicho kilibuniwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1851, karne nzima kabla. Lililokosekana ni uzi wa kuunganisha siku mbili zilizoachana. Mgonjwa wa homa anaonwa na daktari wa homa, hupona, hurudi shambani. Akianza kuona vibaya mwezi unaofuata, anaenda kwingine kama yupo wa kumwendea, au anasema ni uzee, au ni moshi wa kubangulia korosho.

Jinsi jicho linavyoulizwa

Tuseme leo mkulima wa korosho wa Tandahimba anashuka hadi Mtwara mjini kwa sababu jicho la kulia limeingia ukungu. Uchunguzi wake una ngazi, na kila ngazi ina sababu.

Kwanza anasomeshwa herufi ubaoni, jicho moja baada ya jingine, maana jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Kisha anatiwa matone yanayopanua mboni, kwani kutazama retina kupitia mboni iliyofumba ni kama kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Kwa darubini ya mwanga mwembamba daktari anatafuta chembe za uvimbe zinazoelea mbele na nyuma ya lenzi. Kwa lenzi ya mkononi na taa ya kichwani anaitazama retina yenyewe.

Hapo anaona madoa meupe yenye kingo zisizokatika vizuri, pengine na damu kidogo pembeni mwake. Kazi ngumu inaanzia hapa, kwa sababu madoa meupe ya retina hayana sahihi ya aliyeyaandika. Vimelea vya toksoplasma huacha madoa. Kaswende, ambayo madaktari huiita mwigaji mkuu, huweza kuvaa sura yoyote. Kifua kikuu hufika jichoni bila kikohozi. Kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, kirusi kiitwacho saitomegalo hula retina polepole. Na yupo anayeogopwa kuliko wote, kirusi cha jamii ya malengelenge, anayeweza kuua retina kwa siku chache. Huyu mara nyingi huanzia pembezoni na kujaza jicho chembe za uvimbe. Madoa ya chikungunya kwa kawaida hukaa sehemu ya kati, na ukungu wa ndani ya jicho huwa mdogo. Tofauti hiyo husaidia, ila haimtoshi mtu kuapa.

Kwa hiyo damu inapimwa: VVU, kaswende, picha nzima ya damu, na kifua kinapigwa eksirei. Kingamwili dhidi ya chikungunya zinaweza kutafutwa ikiwa kuna maabara inayozipima. Katika vituo vikubwa, sindano nyembamba inaweza kuvuta tone la maji ya mbele ya jicho na kulipeleka kwenye kipimo cha PCR kinachotafuta chembe za urithi za kirusi. Na ipo mashine ya OCT inayopiga picha ya matabaka ya retina kwa mwanga, ikaonyesha wapi maji yamejikusanya.

Kwa nini kujisumbua namna hii? Kwa sababu dawa inayotuliza uvimbe, steroidi, ni panga lenye makali mawili. Ikitolewa kwa ugonjwa uliosababishwa na mwili kujishambulia, huokoa jicho. Ikitolewa peke yake kwa kaswende, toksoplasma au malengelenge ambayo hayajatibiwa, huwalaza usingizi askari huku adui yuko macho. Ndiyo maana kuokota chupa ya matone yenye steroidi dukani, kwa kuwa ilimsaidia jirani, ni hatari isiyoonekana.

Dhidi ya kirusi cha chikungunya chenyewe hakuna dawa mahsusi. Madaktari wa India walipokutana na wagonjwa wa kwanza waliwapa wengi wao asaiklovia, dawa ya malengelenge. Hawakuamini kwamba inaua chikungunya, ila waliogopa kukosea kuhusu yule muuaji wa haraka. Wakaongeza steroidi kwa uangalifu, dozi ikishuka taratibu. Retina za wagonjwa wa Bangalore zilitulia ndani ya wiki 6 hadi 8, na wengi wao walibaki na uwezo mzuri wa kuona. Habari hiyo ni njema, na inabeba fundisho: kwa ugonjwa huu kazi kubwa ya daktari ni kutofautisha na kusubiri, bila kudhuru.

Yale yanayoitwa malaria

Kuna kikwazo kimoja kinachokaa kabla ya darubini. Daktari wa macho akimuuliza mkulima wetu, "Uliumwa homa siku za nyuma?" jibu linaweza kuja haraka: "Ndiyo, malaria."

Watafiti waliofanya kazi Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 waliwafuatilia watu 870 waliolazwa hospitalini wakiwa na homa. Asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vilipokamilika, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo kwa asilimia 1.6 tu. Kati ya 700 waliopimwa chikungunya, 55 walikuwa nayo, yaani asilimia 7.9, na hakuna aliyekuwa ameitaja kabla. Moshi ni mbali na Ruvuma, na malaria ya Kusini si ya Kilimanjaro, kwa hiyo tarakimu hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo. Lakini mazoea ya kuita kila homa malaria hayana mkoa. Katika nchi iliyokipa kirusi hiki jina, mtu anaweza kuugua, kupona na kuandikiwa ugonjwa mwingine kwenye daftari lake. Akipata ukungu wa jicho baadaye, daftari hilo ndilo shahidi wa kwanza, na shahidi huyo anapotosha.

Kusini kumebadilika tangu siku za Robinson. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 liliondoa adha ya kungoja kivuko cha Rufiji, na mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda hospitali za Muhimbili au CCBRT, Dar es Salaam, hasubiri tena mto upungue. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, imewafundisha wataalamu wa macho wanaohudumu katika mikoa mingi. Mtwara ina hospitali ya Ligula, na sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Dunia nayo imepiga hatua kwenye kinga, ingawa kwa kujikwaa. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2023, kisha leseni yake ikasimamishwa huko mwaka 2025 kwa sababu ya madhara mazito yaliyoripotiwa. Chanjo nyingine iliidhinishwa mapema mwaka huohuo.

Mtungi, ndoo na simtanki bado vipo, na kinga dhidi ya mbu wa humo haihitaji leseni. Chombo kifunikwe. Kila wiki kimwagwe, na ukuta wake wa ndani usuguliwe, kwa kuwa mayai yamegandia ukutani na kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Wiki moja ndiyo kipimo kwa sababu siku 7 hadi 10 zinatosha kwa yai kuwa mbu.

Na kwa aliyekwisha kuugua, kilichobaki ni namna ya kuulizwa. Swali la homa hujibiwa "malaria" kabla halijamalizika. Kwa hiyo mwenye taa ya kichwani, kabla hajaiwasha, anaweza kuuliza jingine: "Mzee, ile homa ilipokushika, uliweza kunyooka? Uliweza kukunja ngumi? Uliweza kuchuchumaa?" Akijibu kwamba hakuweza, kwamba alilala amejikunja na mkewe akamvalisha shati, basi ukungu wa leo umepata mwaka wake, mwezi wake na pengine mbu wake. Swali hilo halikutoka Bangalore wala Entebbe. Liliulizwa na kujibiwa kwa neno moja na watu waliokuwa wakiwauguza ndugu zao juu ya uwanda ule mkavu, mwaka 1952, huku mtungi umesimama kivulini.